WANATUAMBIA HATULIPI KODI

Ndugu wafanyakazi wenzangu,



Mwisho wa mwezi uliopita nilisimama katika dirisha la mishahara na karatasi yangu mkononi. Nilimwuliza karani kwa adabu kwa nini fedha zilizoandikwa juu ni nyingi na zilizoandikwa chini ni chache. Karani aliitazama karatasi, akanirudishia, akasema: "Ndugu, wewe una nini cha kulalamika? Mshahara wako ni mdogo. Wewe hulipi kodi." Wenzangu waliokuwa nyuma yangu wakacheka. Nami nikacheka, kwa kuwa sikuwa na jibu.

Jibu nimelipata njiani, katika matatu ya kurudi nyumbani Mosocho, na leo naliandika hapa ili ndugu mwingine akiambiwa neno lile asicheke kama nilivyocheka mimi. Mimi si mtu wa elimu kubwa. Nilisoma shule ya msingi ya misheni, na mwalimu alitufundisha mambo mawili ambayo sijayasahau: sala na hesabu. Sala nawaachia ninyi. Tufanye hesabu.

Chukua mfanyakazi wa mshahara wa Shs. 24,000/- kwa mwezi. Sheria ya kodi ya mapato, ile tuiitayo PAYE, inasema shilingi 24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, yaani Shs. 2,400/-. Kisha sheria hiyo hiyo inampa kila mtu nafuu ya Shs. 2,400/-. Toa hiki kwa kile, inabaki sifuri. Kwa hiyo karani hakusema uongo. Kwa jina la kodi ya mapato, mtu huyu halipi hata senti. Lakini kuna uongo unaosemwa, na kuna uongo unaokaa katika neno lililoachwa bila kusemwa.

Tazama sasa mistari mingine ya karatasi, kwa viwango vya mwaka 2025. Mchango wa NSSF, asilimia 6: Shs. 1,440/-. Mchango wa afya, SHIF, asilimia 2.75: Shs. 660/-. Makato ya nyumba, asilimia 1.5: Shs. 360/-. Jumla Shs. 2,460/-. Mtu huyu "asiyelipa kodi" anaondoka dirishani na Shs. 21,540/-, kabla ada ya chama haijakatwa, na kabla ya mkopo wowote.

Sasa rudi nyuma hadi Januari 1923? La, si mbali hivyo. Rudi Januari 2023 tu. Mshahara ule ule wa Shs. 24,000/- ulikatwa NSSF Shs. 200/- na NHIF Shs. 750/-, basi. Mtu alikwenda nyumbani na Shs. 23,050/-. Februari 2023 sheria ya NSSF ya mwaka 2013, iliyokuwa imekwama mahakamani miaka mingi, ikaanza kutumika. Julai 2023 yakaja makato ya nyumba. Mahakama Kuu iliyakataa mwezi wa Novemba mwaka huo, lakini Machi 2024 yakarudi kwa sheria mpya. Oktoba 2024 SHIF ikachukua mahali pa NHIF. Haya yote yametokea katika muda usiotimia miaka miwili, na kila mara tuliambiwa ni kidogo tu. Haba na haba hujaza kibaba. Kibaba kilichojaa si chetu. Chetu kimepungukiwa Shs. 1,510/- kila mwezi.

Ndugu, shilingi 1,510 kwa mtu mkubwa ni chakula cha mchana cha siku moja. Kwetu ni unga wa mwezi. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu.

Lakini jambo lililonifanya nishike kalamu si hilo. Ni hili lifuatalo, na naomba ulisome polepole.

Yuko mwenzangu ambaye mshahara wake ni Shs. 30,000/-. Naye tulimfanyia hesabu hiyo hiyo. Januari 2023, baada ya NSSF, NHIF na PAYE, alibaki na Shs. 27,585/-. Mwaka 2025, baada ya michango yote na PAYE, alibaki na karibu Shs. 26,194/-. Amepoteza kama Shs. 1,391/-. Mwenye mshahara mdogo amepoteza Shs. 1,510/-. Yaani mwenye kidogo amepoteza zaidi ya mwenye kingi, si kwa asilimia tu, bali kwa shilingi zenyewe, hesabu ya mkononi.

Imekuwaje? Imekuwa hivi. Mwezi wa Desemba 2024 sheria ya kodi ilirekebishwa. Tangu hapo mchango wa afya na makato ya nyumba hutolewa kwanza katika mshahara, kama NSSF inavyotolewa, ndipo PAYE ipigwe juu ya kinachobaki. Ni jambo jema, na wengi walilishangilia. Mwenzangu wa elfu thelathini PAYE yake ilishuka kutoka Shs. 1,315/- hadi kama Shs. 731/-. Lakini yule wa elfu ishirini na nne alikuwa hana PAYE ya kushuka. Alipewa nafuu ya kitu asichokuwa nacho. Ni kama kumwambia mtu anayetembea kwa miguu kwamba nauli imepunguzwa.

Tena panda juu kabisa. Mkubwa anayepokea Shs. 500,000/- kwa mwezi hukatwa michango ya afya na nyumba kwa asilimia ile ile, na PAYE yake ni nzito. Hilo nalikubali, sipendi kumsingizia mtu. Lakini NSSF yake ilikuwa na kikomo. Mwaka 2025 hakuna aliyekatwa zaidi ya Shs. 4,320/-. Kwake hiyo haikufika senti moja katika kila shilingi. Kwako wewe ni senti sita katika kila shilingi, kuanzia shilingi ya kwanza.

Basi swali langu kwa waliotunga mambo haya ni moja tu. Kama serikali yenyewe imekiri katika sheria ya PAYE kwamba mtu wa Shs. 24,000/- hana uwezo wa kulipa kodi ya mapato, uwezo wa kulipa makato ya nyumba ameupata wapi? Mtu ni yule yule, mwezi ni ule ule, watoto ni wale wale. Kilichobadilika ni jina.

Na habari ya majina, sisi watu wa Gusii tunaijua tangu zamani. Babu yangu alikuwa na mkebe wa chai ambao hatukuruhusiwa kuugusa. Ndani yake hamkuwa na fedha. Mlikuwa na vyeti vya kodi, vimekunjwa, vingine vimeliwa na mende. Alivitunza hata baada ya kodi zile kufutwa, kwa kuwa katika ujana wake mtu asiye na cheti alikamatwa njiani kama mwizi.

Kodi ya kibanda ililetwa katika nchi hii mwaka 1901, mwaka ule ule reli ilipofika ziwani Kisumu. Aliyekuwa na nyumba mbili alilipia mbili. Mwaka 1910 wakaongeza kodi ya kichwa, ili kijana asiye na kibanda naye asiponyoke. Na wakubwa wa wakati ule hawakuficha nia yao: bila kodi, Mwafrika angekaa shambani kwake akila wimbi lake, kodi ndiyo ingemtoa aende kufanya kazi ya mshahara. Ndivyo watu wetu walivyokwenda kwenye chai ya Kericho, na ndivyo wengine walivyokuja kwenye reli hii. Garimoshi halipiti Mosocho, lakini kodi ilipita, ikatuleta kwenye garimoshi.

Baadaye ikaja kodi ya watu binafsi iliyopangwa kwa ngazi kufuata mapato, na baada ya Uhuru mabaraza ya wilaya yaliitegemea sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikafutwa. Watu wakapumua. Kisha mwaka 1988 Bunge likapitisha sheria ya ada ya huduma ya serikali za mitaa, nayo ikakatwa katika mishahara kwa ajili ya manispaa na mabaraza. Haikuitwa kodi, iliitwa ada. Karibu na mwaka 2000 nayo ilikuwa imeondoka, na mabaraza yakapewa sehemu ya kodi ya mapato ya taifa, asilimia 5, badala ya kumkata mfanyakazi mara mbili.

Katiba ya mwaka 2010 imeliweka jambo hili wazi katika kifungu cha 209: kodi ya mapato ni ya serikali ya taifa peke yake. Kaunti hutoza kodi ya ardhi na majengo, kodi ya burudani, na ada za huduma inazotoa. Lakini kifungu hicho kimeacha mlango: kaunti yaweza kutoza kodi nyingine yoyote ikiruhusiwa na sheria ya Bunge. Ndiyo sababu nasema tukae macho. Tazama jirani zetu Uganda. Mwaka 2005 waliisimamisha ile kodi yao ya ngazi, watu wakafurahi. Mwaka 2008 ikapitishwa kodi ya huduma za mitaa, inayokatwa kwa watu wenye mishahara, kuanzia shilingi 5,000 za Uganda kwa mwaka kwa mwenye kidogo hadi 100,000 kwa mwenye zaidi ya milioni moja kwa mwezi. Jina jipya, mfuko ule ule. Tanzania walifuta kodi ya maendeleo mwaka 2003, na ni wajibu wa wenzetu wa huko kuangalia isirudi na kanzu nyingine.

Tena msidhani kwamba kwa kuwa kaunti haigusi karatasi ya mshahara, basi haigusi mshahara. Mshahara wangu haumalizi kazi yake Kisumu. Huenda Mosocho. Mama watoto huuza ndizi na mboga, chinsaga na managu, ili kutia kiraka pale mshahara ulipopasuka. Asubuhi, kabla hajauza hata fungu moja, karani wa ushuru wa soko amekwisha kufika na kitabu chake. Fedha ninazomtumia kwa simu nazo zina ushuru ndani ya ada yake. Mwaka 2023 ulipandishwa hadi asilimia 15 ya ada hiyo. Mwaka ule ule kodi ya VAT juu ya petroli ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na mwenye matatu hakuimeza yeye. Aliitia katika nauli yangu. Chungu ni kimoja, ndugu. Wanaochota ni wengi, na kila mmoja anasema kijiko chake ni kidogo.

Sasa nawajibu watu watatu ambao najua watanipinga.

Wa kwanza atasema: "Hizo si kodi, ni michango. NSSF ni akiba yako, SHIF ni matibabu yako." Namjibu hivi. NSSF ni akiba, kweli, na mwajiri huongeza kiasi sawa na changu. Siitukani. Matibabu nayo nayataka; nani asiyeugua? Lakini mchango ni kitu mtu anachoweza kuulizwa na kukataa. Kitu kinachokatwa kabla sijakiona, kwa nguvu ya sheria, upende usipende, mwalimu wangu angekiita kodi. Na akiba ya uzeeni haiinjiki sufuria jioni ya leo.

Wa pili atasema: "Kila mtu akikataa, serikali itajenga kwa nini?" Sikusema tukatae. Barabara na hospitali hazijengwi kwa mate. Nasema pajengwe ngazi. Serikali inajua kujenga ngazi inapotaka: katika PAYE tangu Julai 2023 kuna ngazi ya asilimia 32.5 kwa fedha zinazozidi Shs. 500,000/- na ya asilimia 35 kwa zinazozidi Shs. 800,000/-. Mbona michango haina ngazi ya chini? Hata Uingereza, waliotufundisha kodi ya kichwa, mfanyakazi wao haanzi kukatwa mchango wa bima ya taifa mpaka mshahara wake upite pauni 12,570 kwa mwaka, pale pale kodi yao ya mapato inapoanzia. Wao wameona aibu kumtoza kwa mlango wa pili mtu waliyemsamehe kwa mlango wa kwanza. Nasi Katiba yetu, kifungu cha 201, inasema mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Haki si kila bega kupewa gunia la kilo ile ile.

Wa tatu ni ndugu yetu wa chama, naye ndiye anayeniuma zaidi. Atasema: "Tutawaletea nyongeza." Ndugu, tufanye hesabu ya mwisho. Tuseme mmekwenda mezani, mkapigana, mkarudi na nyongeza ya asilimia 6. Tutapiga makofi, tutaimba. Mtu wa Shs. 24,000/- atapata Shs. 25,440/-. Toa michango, atabaki na Shs. 22,832/-. Januari 2023 alikuwa na Shs. 23,050/-. Baada ya makofi yote bado amerudi nyuma zaidi ya shilingi 200, na hapo bado hatujataja bei ya sukari. Ili asimame tu mahali aliposimama mwaka 2023, anahitaji nyongeza ya asilimia 7. Hiyo si nyongeza. Ni kurudishiwa chako.

Hapa ndipo kosa letu wenyewe. Viongozi wetu hujadiliana juu ya mshahara ulioandikwa juu ya karatasi. Sisi tunakula ule ulioandikwa chini. Mezani wanashinda, dirishani tunashindwa, na hakuna anayeona kwa kuwa hakuna anayefanya hesabu hadi mstari wa mwisho.

Wako wenzetu ambao kwao si habari ya kupungukiwa sukari. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inakataza makato yote pamoja kuzidi theluthi mbili za mshahara. Theluthi moja ni lazima imfikie mwenyewe. Mwenzangu mmoja wa genge alichukua mkopo wa ushirika kumsomesha binti yake, na alipochukua, theluthi yake ilibaki, hesabu sawasawa. Michango mipya ilipokuja, theluthi ikavunjika. Alipotaka kuongeza mkopo mdogo wa karo aliambiwa mshahara wake haustahili tena. Hakuwa amekopa hata senti zaidi. Aliadhibiwa kwa deni ambalo hakulichukua. Binti alikaa nyumbani muhula mzima.

Kwa hiyo nataka mkutano wa tawi utakaokuja usiishie kwenye taarifa ya mwenyekiti na soda. Natoa mambo manne, tuyajadili na tuyapigie kura.

La kwanza, kila mwanachama adai karatasi ya mshahara yenye kila kato katika mstari wake na jina lake. Kifungu cha 20 cha sheria hiyo hiyo kinatupa haki hiyo. Asikubali mstari ulioandikwa "mengineyo."

La pili, wajumbe wetu wasiende mezani bila hesabu ya mshahara unaofika mkononi kwa kila daraja. Asilimia 7 iwe ya kurudisha kilichotoka. Nyongeza ianze kuhesabiwa baada ya hapo.

La tatu, chama kiwaendee wabunge na kudai kwamba makato ya nyumba na mchango wa afya visiguse fedha ambazo PAYE imekwisha kuzisamehe. Tukisema peke yetu hatutasikika. Tuungane na vyama vya chai, vya bandari na vya walimu. Mwezi wa Juni 2024 vijana walionyesha kwamba mswada wa kodi unaweza kuondolewa; lakini wengine walilipa kwa maisha yao, na haifai kila mara tungoje watoto wetu wafe ndipo wazee tuamke.

La nne, na chama chetu kijitazame kioo. Ada yetu nayo hukatwa katika mshahara ule ule mdogo. Viongozi waisome hesabu yake mbele ya wanachama, senti kwa senti. Anayedai kuonyeshwa karatasi ya serikali aonyeshe kwanza ya kwake.

Mwezi ujao nitarudi katika dirisha lile. Karani akiniambia tena kwamba silipi kodi, nitamwonyesha ukurasa huu, kwa adabu, halafu nitamwomba atazame karatasi yake mwenyewe. Kwa maana yeye naye ni mfanyakazi, na mshahara wake, nimesikia, si mkubwa kuliko wangu.

Umoja ni nguvu.

Ndugu yenu,
Mfanyakazi wa njia ya reli, mtu wa Mosocho